Maswali Yenu: Rangi ya Zambarau Shambani na Mbegu ya Kuchagua

Tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu rangi za mimea na uchaguzi wa mbegu. Barua zimetoka mbali na karibu, na nyingi zinakutana penye kosa moja: mtu ameona rangi iliyompendeza, akaufanya mmea ule kuwa mama wa mbegu kabla ya kujua rangi yenyewe imetoka wapi. Kwa hiyo karibu kila jibu hapa chini linaanzia hapo.

Swali. Shikamooni wataalamu. Mahindi yangu yana wiki tatu tangu kuota na majani yamekuwa ya zambarau. Jirani anasema hiyo ni mbegu kali inayostahimili baridi, niitunze. Ni kweli? *Msomaji, Mbozi*

Jibu. Marahaba. Usiitunze bado. Zambarau hiyo ni anthosianini, rangi ambayo mmea huitengeneza ukiwa na sukari isiyo na kazi ya kufanya. Fosforasi ikikosekana, ukuaji unasimama, lakini jua bado linatengeneza sukari majanini. Sukari inarundikana na jani linageuka zambarau. Udongo wa baridi uliolowa unaleta hali hiyohiyo hata kama mbolea ipo, kwa sababu mizizi michanga haiwezi kuifikia.

Kutofautisha ni rahisi. Upungufu wa fosforasi huanza kwenye majani ya chini, yale ya zamani, kutoka ncha kuelekea kwenye kingo, na mmea wenyewe unakuwa mwembamba na mfupi. Rangi ya kurithi hutokea kwa mimea yote ya aina hiyo kwa usawa, mara nyingi kuanzia shinani, na mmea unakua vizuri tu. Chimba miche mitatu ya zambarau na mitatu ya kijani, uoshe mizizi. Ukiona mizizi ya miche ya zambarau ni mifupi, au imepinda kwa kugonga udongo mgumu, umepata jibu.

Kwa msimu ujao, mbolea ya fosforasi iwekwe wakati wa kupanda, maana fosforasi haitembei udongoni kama naitrojeni. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu 2 kila shimo, ekari ina mashimo yapatayo 9,000. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 unatoa gramu 5 na nusu kwa shimo, karibu kizibo kimoja cha soda. Fukia mbolea kwa udongo wa sentimita 5 kabla ya kuweka mbegu. Ikigusana na mbegu inaiunguza, na wakulima wengi hudhani mbegu ilikuwa feki. Kumwaga yurea sasa hakutaondoa zambarau. Udongo ukipata joto na mizizi ikashuka, majani mapya yatatoka ya kijani. Yale ya zamani yatabaki hivyohivyo. Kama rangi hurudi kila mwaka sehemu ileile ya shamba, pima asidi ya udongo, kwa kuwa kwenye udongo mchachu fosforasi hushikwa na alumini na chuma hata ukiiongeza.

Swali. Habari za kazi. Mimi niko Ontario, Kanada, ambako sheria inaturuhusu kuotesha mimea minne ya bangi kwa kila nyumba. Mmoja umegeuka zambarau mwishoni mwa Septemba, mingine imebaki kijani. Rafiki zangu wanasema wa zambarau ndio wenye nguvu zaidi. Nataka mbegu yake. *Msomaji, Ontario*

Jibu. Nzuri. Tuanze na sheria, kwa sababu jarida hili linasomwa Tanzania na Kenya, ambako kuotesha mmea huu ni kosa la jinai. Majibu haya ni kwa aliye mahali panaporuhusiwa.

Kuhusu nguvu, rafiki zako wamekosea. THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, hutengenezwa ndani ya tezi ndogo zilizosimama juu ya vikonyo kwenye maua, na tezi hizo zenyewe huanza zikiwa angavu kama tone la maji. Anthosianini inakaa ndani ya seli za jani na za ua, kwenye kifuko cha maji cha seli, na inatengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Mmea unaweza kuwa na zambarau nyingi na THC kidogo, au kinyume chake. Rangi haikuambii kitu juu ya nguvu.

Kuhusu urithi, mambo mawili yanachanganyika. Kuna mimea iliyozaliwa na uwezo wa kutengeneza anthosianini, lakini uwezo huo haujionyeshi mpaka usiku upoe, hasa chini ya nyuzi 15. Wakati huohuo klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inaanza kuvunjika kwa uzee, na zambarau iliyokuwa imefunikwa inaonekana. Kwa kuwa mimea yako minne ilipata baridi ileile na mmoja tu ndio uliogeuka, kuna dalili nzuri kwamba tofauti ni ya kurithi. Lakini hakikisha kwanza kwamba haikuwa njaa: majani ya chini yenye mabaka ya kahawia na vikonyo vyekundu ni malalamiko ya fosforasi, hata kama ua nalo limependeza.

Njia ya uhakika ni kukata vipandikizi viwili vya mmea huohuo, huku ukihesabu kila kimoja ndani ya idadi unayoruhusiwa. Kimoja kikae kwenye joto la nyuzi 20 usiku, kingine kwenye nyuzi 12. Mbolea iwe moja, mwanga uwe mmoja. Vyote vikigeuka, rangi haingoji baridi. Kikigeuka kimoja tu, ujue kwamba anayetaka rangi hiyo kwa watoto wa mmea huu atahitaji baridi ileile.

Sasa mbegu. Bangi ina mimea dume na mimea jike, kwa hiyo nusu ya urithi wa mbegu yako itatoka kwa dume ambalo huenda hujalijua rangi yake. Watoto wa kizazi cha kwanza mara nyingi hutoka mchanganyiko, na rangi iliyofichika hujitokeza kizazi cha pili. Hapo mimea minne inakubana. Tuseme tabia unayoitafuta inaonekana kwa mtoto mmoja kati ya wanne. Ukiotesha minne, uwezekano wa kuikosa kabisa ni karibu asilimia 32. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuipata walau mara moja unahitaji mimea 11. Na hiyo ni kama rangi inaongozwa na jeni moja, jambo ambalo kwa mmea huu si la kutegemea. Kwa mazingira yako kipandikizi kina faida kuliko mbegu: ni mmea uleule, rangi ileile.

Swali. Nimevusha chavua ya maharage meusi kwenye maharage meupe, kwa mikono yangu. Maganda yamekauka, nimefungua, mbegu zote nyeupe. Nimeshindwa? *Mkulima, Kagera*

Jibu. Hujashindwa. Tunafurahi kupata swali hili, kwa sababu wengi hutupa mbegu zao hapahapa.

Ngozi ya mbegu ya haragwe ni sehemu ya mwili wa mama. Baba ameingia kwenye kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani, wala hajaigusa ngozi. Mama akiwa mweupe, mbegu itavaa nyeupe hata kama ndani yake kuna mtoto wa mweusi. Zipande. Siku ya saba au ya nane baada ya kuota, inama utazame shina changa, lile lililo chini ya yale majani mawili mazito ya mwanzo. Mama yako mweupe huota na shina la kijani. Miche yenye shina la zambarau ni chotara wa kweli, na itachanua maua ya zambarau. Miche yenye shina la kijani ilijichavusha yenyewe; ing'oe. Ndiyo maana mwenye kuvusha chavua humfanya mweupe kuwa mama na mweusi kuwa baba. Ukigeuza, miche yote itakuwa na zambarau na hutajua nani ni nani.

Rangi za mbegu zitakwenda hivi. Mavuno ya kwanza, hayo uliyo nayo, ni meupe. Mavuno ya pili, kutoka kwa chotara, yote yatakuwa na rangi. Mavuno ya tatu ndipo familia inapogawanyika: kwa kila mimea 40, tarajia takriban 30 yenye mbegu za rangi na 10 yenye mbegu nyeupe. Kati ya ile 30 utaona nyeusi, kahawia na nyinginezo, kutegemea wazazi walificha nini. Vuna kila mmea peke yake, kwenye bahasha yake. Ukichanganya mavuno ya mimea 40 kwenye gunia moja, kazi ya misimu mitatu imepotea.

Kwa kuwa maua mengi yatakuwa yamepukutika, tukumbushane namna ya kuvusha. Haragwe hujichavusha kabla ua halijafunguka. Chagua tumba nene linaloanza kuonyesha rangi, litakalofunguka kesho. Lishike kati ya kidole gumba na cha shahada, ufungue lile petali kubwa la mgongoni kwa kibano chembamba. Ndani utaona petali lililojisokota kama ganda la konokono. Lichane taratibu, utoe vifuko vyote 10 vya chavua bila kugusa ncha ya kike iliyojikunja katikati. Kisha chukua ua la baba lililofunguka asubuhi hiyohiyo, bonyeza mabawa yake chini, na ncha yake itachomoza imejaa chavua ya manjano. Ikate, uisugue kwenye ncha ya mama, au uzifungamanishe kama kulabu mbili. Rudisha petali la mgongoni lifunike. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo.

Fanya matumba 20 walau, asubuhi mapema au jioni. Tumba lililozeeka limeshajichavusha. Tumba changa mno linaumia na kudondoka. Joto la mchana hukausha ncha ya kike. Na toa maganda mengine yaliyotangulia kwenye tawi hilo, kwa sababu mmea hulisha maganda makubwa na kuangusha madogo.

Swali. Nimepanda mahindi meupe, kwenye gunzi nimekuta punje za njano zimetapakaa. Pia gunzi moja lina punje nyekundu zote. Niliuziwa mbegu mbaya? *Msomaji, Kitale*

Jibu. Za njano ni chavua ya shamba la jirani. Kwenye punje ya mhindi, tofauti na haragwe, ile sehemu ya wanga huchangiwa na baba, na njano hushinda nyeupe. Kwa hiyo uchavushaji wa msimu huu unaonekana msimu huuhuu. Njano yake huwa hafifu, kwa sababu wanga hupata sehemu mbili kutoka kwa mama na moja tu kutoka kwa baba. Gunzi jekundu ni jambo jingine: wekundu uko kwenye ganda la juu la punje, ambalo ni la mama, hivyo gunzi zima linafanana. Mmea huo ulikuja na mbegu yako.

Wazalishaji wa mbegu huacha mita 200 au zaidi kati ya mashamba, au hupishanisha upandaji kwa wiki tatu hadi nne ili mbelewele za huku zisikutane na nywele za kule. Kula unaweza, hazina tatizo lolote.

Swali. Ninasoma kilimo Morogoro. Tumesikia kwamba punje za zambarau zinatumika kufupisha miaka ya kuzalisha mahindi. Zinafanyaje kazi? *Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu. Hapa rangi inafanya kazi ambayo jicho lisingeweza kuifanya bila yake.

Ili upate mzazi wa chotara anayezaa kwa usafi, njia ya kale ni kuuchavusha mmea wa mahindi kwa chavua yake wenyewe vizazi sita hadi vinane. Njia fupi ni kupata mmea wenye nusu tu ya kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi), yaani 10 badala ya 20, halafu kuzirudufisha. Jozi zote zinakuwa nakala za kitu kimoja, na usafi unapatikana mara moja. Kazi hii inafanyika Kiboko, Kenya, kwenye kituo cha CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano) na KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya) kilichozinduliwa mwaka 2013.

Unachukua chavua ya mzazi maalumu mwenye jeni ya rangi iitwayo R1-nj, unawavusha akina mama unaotaka kuwafanyia kazi. Punje nyingi zinakuwa chotara wa kawaida. Chache, 6 hadi 10 hivi kati ya 100, zinatoka na kromosomu za mama peke yake kwenye kiinitete. Sasa zimwage mezani kwenye mwanga mzuri. Punje yenye zambarau utosini na pia kwenye kiinitete ni chotara: weka kando. Punje yenye zambarau utosini na kiinitete cheupe ndiyo unayoitafuta: baba alifika kwenye wanga lakini kwenye kiinitete hayupo. Punje isiyo na zambarau popote imepata chavua ngeni au ya mama mwenyewe.

Punje teule huoteshwa. Ncha ya chipukizi hukatwa kidogo, na mche huloweshwa kwa saa 12 kwenye kolchisini, dawa ya kurudufisha kromosomu, ya asilimia 0.04 yenye DMSO, kiyeyusho kinachoisaidia kupenya, ya asilimia 0.5. Huoshwa kwa maji yanayotiririka, kisha hupandwa kitalu nyumba. Kolchisini ni sumu kali: ni glavu, miwani, na maabara yenye utaratibu wa kutupa mabaki. Haifanyiwi nyumbani.

Makosa yako kwenye rangi yenyewe. Baadhi ya mama wana jeni inayozuia rangi, iitwayo C1-I, na kwao zambarau haijitokezi hata kidogo. Ukishughulika nao njia hii inakwama. Punje zilizovunwa mbichi huonyesha rangi hafifu, na mpangaji aliyechoka huziweka rundo lisilo lake. Kwa hiyo shambani kuna ukaguzi wa pili: miche halisi ni dhaifu, yenye majani membamba na wima. Mche ulionenepa na kuwa na shina la zambarau katikati ya hao wadhaifu ni chotara aliyepenya. Ng'oa.

Swali. Nina chai ya zambarau, TRFK 306. Nilichukua mbegu zake nikaotesha, miche mingi ni ya kijani. *Mkulima, Kirinyaga*

Jibu. Chai haipendi chavua yake yenyewe. Mbegu hizo zina baba wa kijani kutoka jirani. Aina hii, iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa chai ya Kenya mwaka 2011, huendelezwa kwa vipandikizi tu. Kata kipande cha jani moja na fundo moja, sentimita 3 hadi 4, ukichomeke kwenye udongo wa chini usio na mbolea, uchachu wa pH 4.5 hadi 5.5, ufunike kwa nailoni chini ya kivuli. Udongo usio mchachu wa kutosha hukipa kipandikizi uvimbe mweupe chini badala ya mizizi, nacho hukaa miezi kikiwa hai bila kuota. Majani yaliyokomaa kugeuka kijani ni kawaida. Rangi iko kwenye majani mawili na kichipukizi, na hupungua penye kivuli. Kabla ya kuongeza eneo, ulizia kiwanda chako kama kinaisindika peke yake. Ikichachushwa kama chai nyeusi, rangi inapotea, nawe utalipwa bei ya chai nyeusi.

Swali. Mwanangu wa miaka mitatu ale viazi vitamu vya zambarau au vya rangi ya chungwa? *Mama, Kakamega*

Jibu. Vya chungwa, mama, vile viitwavyo viazi lishe, kama Kabode na Vita. Rangi ya chungwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kipande kilichochemshwa cha gramu 125 kinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Zambarau ni anthosianini na haitoi vitamini A. Ukikausha michembe, anika kivulini, kwa sababu jua kali hula karotini.

Swali. Mchicha mwekundu nao una rangi hiyohiyo ya kabichi ya zambarau? Nataka kuuchanganya na mchicha wa kijani. *Msomaji, Unguja*

Jibu. Hapana, ingawa jicho linadanganyika. Wekundu wa mchicha, kama wa bitiruti, ni betalaini, rangi ya aina nyingine kabisa, na hakuna mmea unaojulikana kuwa na betalaini na anthosianini kwa pamoja. Jaribu mwenyewe. Ponda majani matatu ya mchicha kwenye robo glasi ya maji ya uvuguvugu, chuja, gawa mara tatu. Fanya hivyohivyo kwa kabichi ya zambarau au choya. Glasi ya kwanza iache, ya pili tia nusu kijiko cha chai cha ndimu, ya tatu magadi kidogo. Kabichi itakuwa ya waridi kwa ndimu na buluu hadi kijani kwa magadi. Mchicha hautajali ndimu. Ukizidisha magadi utaelekea manjano.

Kuchanganya kwenyewe ni kwepesi, kwa sababu wekundu hushinda kijani. Panda mistari ya kijani na mwekundu kwa kupishana, sentimita 30 kati yao, na uhakikishe inachanua pamoja. Vuna mbegu za mimea ya kijani peke yake. Zisie kwenye trei na usubiri wiki mbili. Miche ya kijani ilijichavusha, miche myekundu ni chotara. Ihesabu: mchicha hujichavusha zaidi kuliko unavyobadilishana chavua, kwa hiyo myekundu ikiwa michache usishangae, sia mbegu nyingi zaidi. Ihamishe ikiwa na majani manne, kabla haijasongana, maana mche wa mchicha uliosongwa na kukosa maji huwahi kuchanua ukiwa na urefu wa kiganja, na mbegu zake huwa chache.